Waliokuwa Juu ya Maji

Ukipanda basi la Lamu kutoka Mombasa, saa chache baada ya Malindi unafika Garsen, na basi linavuka daraja la Mto Tana. Abiria wengi huwa wamelala. Ukiwa macho utaona maji ya rangi ya chai ya maziwa, migomba kando ya mto, na pengine mtu kwenye mtumbwi, kafi mkononi, ametulia tuli. Usidhani amechoka. Anasikiliza.

Nimelelewa huko. Babu yangu alikuwa mvuvi, na kitu alichokiheshimu kuliko mamba ni kiboko. Kiboko akiwa juu, pua nje, masikio yakitingishika, babu hakuwa na neno naye, alimpitia mbali. Akizama, hapo ndipo babu aliacha kupiga kafi. Sisi wajukuu tulinyamazishwa kwa jicho tu. Mtumbwi ulipelekwa na maji, sote tukitafuta mapovu. Kiboko anaweza kukaa chini kama dakika tano, anatembea kwenye sakafu ya mto kama mtu aliye na shughuli zake. Mapovu ndiyo yanamsaliti. Ukiyaona, unajua yuko wapi na anaelekea wapi. Usipoyaona, omba Mungu.

Niliyakumbuka mapovu hayo hivi majuzi nilipoanza kusoma juu ya vita vya nyambizi, na nilianza kusoma kwa sababu ya jina moja tu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kituo cha wanamaji wa Uingereza pale Kilindini kiliitwa HMS Tana. Haikuwa meli. Waingereza wana desturi ya kukipa kituo cha nchi kavu jina kama la manowari, na pale Mombasa wakachukua jina la mto wetu. Nilicheka kidogo. Mto wa viboko umepewa jeshi linalowinda vitu vilivyojificha chini ya maji! Kisha nikaendelea kusoma, na kicheko kikaisha.

*

Kwanza, kwa nini Kilindini? Aprili 1942 ndege za Japani zilizorushwa kutoka kwenye manowari zilishambulia Colombo na Trincomalee, kule Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Waingereza walipoteza manowari kadhaa kwa siku chache. Kundi lao la Bahari ya Hindi likarudi nyuma, likaja kujibanza Mombasa. Shule ya Allidina Visram ikachukuliwa na wataalamu wa kuvunja lugha za siri za Wajapani. Yaani pale ambapo wanafunzi walikuwa wakifanya hesabu za darasani, watu wazima sasa walikuwa wakifanya hesabu za kuua na kuokoa.

Na nyambizi ziliwafuata. Mwishoni mwa Mei 1942 nyambizi ndogo za Kijapani, za watu wawili wawili, ziliingia bandari ya Diego Suarez kaskazini mwa Madagaska na kuipiga manowari kubwa, Ramillies. Juni na Julai nyambizi mama zao ziliingia Mlango wa Msumbiji na kuzamisha zaidi ya meli 20 za mizigo. Kwa hiyo mtu akikwambia vita vile vilikuwa vya Wazungu huko kwao, mwambie aangalie ramani vizuri. Bahari inayogonga Kipini, pale Tana inapomwagikia, ilikuwa na wawindaji na wawindwa.

*

Sasa tuzungumze kuhusu silaha yenyewe. Wataalamu wa lugha watuvumilie, mimi nitaliita bomu la kina. Ukiliona utasema ni pipa la mafuta, na kwa umbo kweli ni pipa. Lile lililotumiwa sana na Waingereza lilibeba takriban kilo 130 za baruti. Ndani yake kuna kifaa kinachohisi uzito wa maji: unakipanga mapema, kwamba ukifika mita 30 lipuka, au ukifika mita 75, au 150. Manowari inapita juu ya mahali inapodhani nyambizi ipo, inayabwaga mapipa nyuma na kuyarusha pembeni, kisha inakimbia kabla ya kulipuliwa na mzigo wake yenyewe.

Watu hudhani bomu lazima liguse. Wapi! Maji hayabonyei kama hewa. Mlipuko unayasukuma maji, na maji yanasukuma chochote kilichomo. Wavuvi haramu wanaotumia baruti baharini wanaijua siri hii. Samaki hawachomwi na moto, hupasuka ndani kwa ndani, kile kifuko chao cha hewa kikishindwa kuhimili. Nyambizi ni chuma, na chuma kina uvumilivu zaidi ya samaki. Bomu lilipaswa kulipukia karibu sana, mita sita hadi kumi hivi, ndipo lipasue ganda. Lakini hata la mbali liliweza kupasua taa, kulegeza parafujo za mabomba, na kuanzisha maji yanayodondoka mahali fulani gizani. Kumbuka habari hii ya hewa iliyofungiwa ndani ya mwili. Tutairudia, na haitakuwa juu ya samaki.

Manowari ilijuaje pa kubwaga? Kwa sona. Inatuma mlio majini, mlio ukigonga chuma unarudi. Walio ndani ya nyambizi waliusikia mlio huo kwa masikio yao, bila mashine yoyote. Wengine waliufananisha na changarawe zinazorushwa ukutani. Hebu fikiria umelala usiku, kuna mtu nje anarusha changarawe kwenye mabati yako, na kila akirusha anasogea.

Hapo ndipo akili ya kukwepa inapoanza, na mimi nilipoielewa ilinipa heshima fulani kwa hao jamaa, hata kama sikuwapenda. Sona ya zama zile ilitazama mbele. Manowari ikikaribia sana, mlio unapita juu ya nyambizi na haurudi. Kwa hiyo katika mita za mwisho kabisa, mwindaji anakuwa kipofu. Kisha pipa lenyewe linazama polepole, kama mita tatu kwa sekunde. Kama nyambizi iko mita 100 chini, pipa linahitaji zaidi ya nusu dakika kufika. Nyambizi inayojikokota kwa mwendo wa noti tatu, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka kuwahi matatu, inaweza kusogea mita 50 katika muda huo. Na mita 50 ni uhai.

Basi nahodha mzuri hakukimbia mapema. Alingoja. Alisikiliza mitambo ya manowari ikija juu ya kichwa chake, akajizuia, na pale tu sona ilipopoteza shabaha, akakata kona ghafla na kubadilisha kina. Wote waliomo walijua kwamba sasa mapipa yako njiani. Walihesabu. Kama amekosea upande wa kukata kona, hakukuwa na nafasi ya kusahihisha.

Kulikuwa na mbinu nyingine. Maji ya bahari yana matabaka, ya moto juu na baridi chini, na mlio unapopita mpaka huo hupinda, kama ufito unavyoonekana kupinda ukiuchovya majini. Watu wa Kipini wanayajua matabaka kwa njia yao: maji ya mto, mepesi na ya udongo, hutambaa juu ya maji mazito ya chumvi, na ukizamisha ndoo unapata ladha mbili. Nyambizi ikijificha chini ya mpaka kama huo, sona ya juu huambulia mwangwi wa uongo. Wajerumani nao walikuwa na kopo la kemikali lililotupwa nje ili litoe mapovu, sona ikayafuata mapovu ikidhani ni chuma. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka babu. Hawa wamefundisha mapovu kudanganya!

*

Lakini mbinu zote zilihitaji kitu kimoja: kimya. Na kimya ndicho kilichowatesa watu.

Nyambizi ikiwindwa ilizima kila kitu chenye sauti. Pampu, feni, mashine za kupozea. Mabaharia walivua viatu. Asiye na kazi aliamriwa alale kitandani, kwa sababu anayelala anapumua hewa kidogo. Hakuna kupika. Choo hakikutumika, maana kukisafisha kulihitaji kusukuma uchafu nje kwa kishindo, na kishindo ni anwani. Walitumia ndoo. Saa zikisonga, hewa waliyoipumua nje ilijaa chumba. Kichwa kikauma, kifua kikabana, mawazo yakawa mazito. Baadhi walipumua kupitia makopo ya kemikali ya kunyonya hewa chafu. Betri nayo ilikuwa ikiisha, na betri ikiisha nyambizi haina ujanja mwingine ila kuibuka.

Ongeza joto la bahari zetu. Juni 1940, Italia ilipoingia vitani, ilikuwa na nyambizi nane pale Massawa, Eritrea. Zilitengenezwa kwa bahari nyingine. Ndani ya Bahari ya Shamu, zikiwa chini, joto lilikuwa kama la tanuri, na mashine zao za kupoza hewa zilitumia gesi ya kloridi ya methili, ambayo ikivuja haina harufu ya kukushtua. Ilivuja. Watu wa nyambizi iitwayo Macallè walilewa gesi hiyo hadi chombo chao kikapanda mwamba karibu na Port Sudan na kupotea. Siku chache baadaye Galileo Galilei, nayo ikiwa na watu wenye sumu mwilini, ililazimishwa kuibuka karibu na Aden na meli iliyoundwa kama meli ya kuvua samaki, ikatekwa nzima nzima. Sijui kama kuna picha inayoonyesha vizuri zaidi uhai wa humo ndani. Bomu la kina halikulazimika kuwapasua. Lilihitaji tu kuwaweka chini kwa muda mrefu, na chombo chao chenyewe kikamaliza kazi.

Ndiyo maana mabaharia wa nyambizi walikufa kwa kiwango ambacho askari wa nchi kavu wangeshindwa kukiamini. Kwa Wajerumani, karibu watatu kati ya kila wanne waliopanda nyambizi hawakurudi nyumbani.

*

Sasa kuna meli moja ambayo lazima muijue. Iliitwa Petard, manowari ya Uingereza ya aina ya mwindaji, nyepesi na ya kasi. Tarehe 30 Oktoba 1942, mashariki mwa Bahari ya Mediterania, yeye na wenzake waliiwinda nyambizi ya Kijerumani, U-559, kwa saa kumi hivi. Mapipa juu ya mapipa. Inasimuliwa kwamba mabaharia wa Petard walifikia kuziba matundu ya mabomu kwa sabuni, ili maji yachelewe kuingia na bomu lizame zaidi kabla ya kulipuka. Sabuni ya kuogea! Usiku Wajerumani wakachoka, wakaibuka, wakaacha chombo chao. Mabaharia wawili wa Petard, Fasson na Grazier, waliingia ndani ya nyambizi inayozama ili kuokoa vitabu vya siri. Vitabu vilitoka. Wao walizama nayo. Vitabu hivyo viliwasaidia wataalamu wa Uingereza kusoma tena mawasiliano ya nyambizi za Hitler.

Desemba mwaka huo huo Petard ilishiriki kuimaliza nyambizi ya Italia. Jina lake? Uarsciek, yaani Warsheikh, mji wa pwani ya Somalia, kaskazini mwa Mogadishu. Waitalia walizipa nyambizi zao majina ya sehemu walizotawala. Ni kama vile kila jeshi lilikuja pwani yetu kuchukua majina.

Kisha Petard ikaja Bahari ya Hindi, ikawa inatumia bandari ya Kilindini.

*

Tarehe 5 Februari 1944 msafara ulioitwa KR 8 uliondoka Kilindini kuelekea Colombo. Meli tano zilizobeba watu, zikilindwa na manowari kubwa Hawkins na wawindaji wawili, Petard na Paladin. Mojawapo ya zile tano ilikuwa Khedive Ismail. Ndani yake walikuwamo watu 1,511.

Kati yao 996 walikuwa wa kikosi kimoja: Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Wengi wao walikuwa vijana wa kwetu. Walifundishwa kutumia mizinga, wakapewa kofia na bunduki, wakaambiwa wanakwenda kupigana na Wajapani. Vikosi vya Afrika Mashariki vilikuwa vikikusanywa Ceylon kwa ajili ya vita vya Burma. Pamoja nao kulikuwa na wanamaji Waingereza, na wanawake 83: wauguzi na watumishi wa kijeshi.

Siku saba wakasafiri salama. Jumamosi, tarehe 12, walikuwa wakipita katika mlango wa bahari ulio kusini mwa visiwa vya Maldives. Saa nane na nusu mchana hivi. Bahari tulivu, jua kali. Wengi walikuwa chini ya sitaha.

Nyambizi ya Kijapani I-27 ilikuwa ikiwatazama. Ilikuwa chombo kikubwa, urefu wa zaidi ya mita 100, na watu karibu mia ndani, chini ya nahodha Fukumura. Miaka miwili nyuma ilikuwa imebeba mojawapo ya nyambizi ndogo zilizoshambulia bandari ya Sydney. Ilitoka Penang, na ilizoea maji haya. Ilirusha topido, yale mabomu yanayoogelea. Mawili yakaipata Khedive Ismail.

Meli ilizama kwa muda wa kama dakika mbili. Soma tena. Dakika mbili. Hata wimbo wa Bongo haujaisha. Aliyekuwa chini ya sitaha, kama hakuwa karibu na ngazi, alikuwa ameshakufa hata kama bado hajajua.

Mamia kadhaa hivi walibaki juu ya maji, kwenye mbao, kwenye vyelezo, wameshikana. Meli nyingine nne zikatawanyika kama zilivyoamriwa, maana meli inayosimama kuokoa watu huwa shabaha inayofuata. Paladin ikateremsha mashua kuwaokoa. Na Petard ikaanza kusikiliza.

Mlio ukatoka, mlio ukarudi. Chuma kilikuwa hapo chini. Chini ya watu.

*

Maelezo ya siku ile husema I-27 ilijificha chini ya waliokuwa wakiogelea. Kama ilikuwa hila au ajali ya mahali, nahodha Fukumura hakuishi kusema. Lakini ukishaelewa namna nyambizi inavyokwepa, mantiki iko wazi. Mahali pa meli iliyotoka kuzama pamejaa kelele: vyumba vinavyopasuka vikishuka, hewa inayotoka kwa nguvu, mamia ya miguu inayopiga maji. Hakuna tabaka zuri zaidi la kujifichia. Na juu ya tabaka hilo wamo watu ambao mwindaji mwenyewe amekuja kuwaokoa. Aliyeko chini anaweza kuamini kwamba yule wa juu hatathubutu.

Nahodha wa Petard aliitwa Rupert Egan. Fikiria hesabu iliyokuwa mbele yake. Chini kuna nyambizi ambayo bado ina topido, na iko huru. Karibu kuna Paladin, na mbali kidogo meli nne zenye maelfu ya watu. Juu ya nyambizi kuna watu wanaompungia mikono. Akingoja, nyambizi inajivuta taratibu na kupotea, kisha inarudi. Asipongoja, ni yale niliyoyasema juu ya samaki.

Egan hakungoja. Petard ikapita katikati yao na kubwaga mapipa.

Mapafu ni mfuko wa hewa. Utumbo nao una hewa ndani. Mtu aliyezama hadi shingoni wakati bomu la kilo 130 za baruti linalipuka chini yake hapati jeraha la nje. Nimejaribu kuwaza walichofikiri wale askari walipoiona manowari ya upande wao ikiwajia kwa kasi. Bila shaka wengine walidhani imekuja kuwachukua.

Hakuna orodha inayotenganisha waliouawa na topido za Wajapani na waliouawa na mapipa ya Waingereza. Bahari haikuandika.

I-27 ilistahimili kwa muda, kisha ikashindwa. Mapipa yaliivunjia kitu fulani muhimu, ikaibuka juu. Mizinga ikaanza. Paladin ilitaka kuigonga kwa omo, ikaonywa, ikajaribu kukwepa dakika ya mwisho, na pezi la chuma la nyambizi likaichana ubavuni. Ganda la I-27 lilikuwa gumu hata mizinga haikulimaliza. Mwishowe Petard ikaanza kurusha topido zake, moja baada ya nyingine, nazo zikakosa. Ya saba ikapata. Nyambizi ikapasuka na kuzama jioni ile. Kati ya watu wake karibu mia, alipona mmoja tu.

Hapo Petard ikawa imechangia kuzamisha nyambizi za nchi zote tatu za adui: Ujerumani, Italia na Japani. Vitabu vya wanamaji huisifu kwa hilo, na si uongo.

Kati ya watu 1,511 wa Khedive Ismail, waliokoka 208 wanaume na wanawake sita. Waliokufa ni 1,297. Petard iliivuta Paladin iliyojeruhiwa hadi kisiwa cha Addu, kusini kabisa mwa Maldives, na manusura wakashushwa huko.

*

Shuleni nilifundishwa Vita vya Pili vya Dunia. Nilikariri Poland, Pearl Harbor na Hiroshima, na mtihani nilipita. Hakuna mwalimu aliyenitajia msafara uliotoka Kilindini. Simlaumu, naye hakufundishwa.

Lakini nimekuja kuona kitu kuhusu simulizi hizi za nyambizi. Filamu nyingi, vitabu vingi, vinakuweka ndani ya chuma. Unakaa na wale jamaa gizani, jasho likiwatoka, nahodha ameinua kidole midomoni, mapipa yanakaribia, na bila kutaka unajikuta unawaombea wapone. Ni simulizi nzuri. Hofu yao ilikuwa ya kweli na ujasiri wao ulikuwa wa kweli. Au unawekwa juu, kwenye sitaha ya manowari, pamoja na nahodha mwenye uamuzi mgumu, na unamhurumia kwa mzigo atakaoubeba maisha yake yote. Hiyo nayo ni simulizi nzuri.

Kuna mahali pa tatu pa kusimulia, na hapo hapana chuma. Ni majini, baina ya wawili hao. Hapo ndipo walipokuwa watu wetu. Kwa aliye chini walikuwa kelele ya kujifichia. Kwa aliye juu walikuwa kizuizi katika hesabu. Nyambizi iliweza kukwepa kwa kunyamaza. Wao hawakuwa na kimya wala kina wala kona ya kukata. Ukitaka kuelewa bomu la kina ni nini hasa, usimuulize tu aliyelikwepa. Muulize aliyekuwa juu yake.

Na huyo humpati kwa urahisi. Majina yapo Nairobi. Kando ya Barabara ya Ngong kuna makaburi ya vita, na ndani yake ipo Kumbukumbu ya Afrika Mashariki, iliyojengwa kwa ajili ya askari wasio na kaburi linalojulikana, wakiwemo waliozama na Khedive Ismail. Matatu za Karen na Ngong hupita hapo kutwa, muziki juu, na sidhani kama makanga yeyote amewahi kuliita jina la meli ile kama kituo. Nilishuka siku moja. Nyasi zimekatwa vizuri, na mtunzaji alinikaribisha kwa upole. Nilisimama nikasoma majina hadi macho yakachoka. Ni majina ya kawaida kabisa. Unaweza kuyasikia kesho yakiitwa foleni ya Huduma Center.

Wakati wa Krismasi nilirudi nyumbani. Babu hayuko tena, lakini mtumbwi mmoja wa jirani bado unafanya kazi, na nikaomba nipelekwe. Katikati ya mto yule kijana aliacha kupiga kafi. Sikuuliza kwa nini. Tulikaa kimya, Tana ikitubeba kuelekea Kipini, kuelekea bahari ile, nami nikitazama maji yale ya rangi ya chai na kutafuta mapovu.

Yakaja, upande wa kushoto, mbali kidogo. Kijana akacheka, akashika kafi, tukazunguka.